Kuzunguka Uskoti kwa gari mkiwa wawili: usiku nane, vituo vinne

Ramani ya Uskoti humdanganya mgeni. Kutoka Edinburgh hadi Portree, mji mkubwa wa kisiwa cha Skye, ni kilomita 370 na kitu, na mtu akiona namba hiyo anajipangia kutoka asubuhi na kufika mapema mchana. Barabarani ni saa tano na nusu hadi sita bila kusimama hata mara moja. Ongeza chakula, mafuta, msururu wa magari ya kambi yanayojikokota mbele yenu, na zile dakika kumi kumi za kusimama kwa sababu mlima umechomoza kwenye wingu, siku imekwisha. Kwa hiyo pangeni kwa saa, si kwa kilomita. Siku ya kuhama isizidi saa nne za usukani, na kwa safari ya siku tisa msilale sehemu zaidi ya nne. Wanaohama kila siku huishia kujua maegesho na kaunta za hoteli kuliko wanavyoijua nchi.

Mgao unaofaa ni huu: Edinburgh usiku mbili, Glencoe au Fort William mbili, Skye tatu, Inverness mmoja, kisha kurudi Edinburgh kwa barabara ya A9. Mkipungukiwa siku, ondoeni Inverness, Skye msiiguse. Kisiwani wingu linaweza kukaa juu ya milima siku nzima, na usiku tatu ndizo zinazowapa nafasi ya kweli ya kupata asubuhi moja iliyo wazi.

Miezi mizuri ni Mei na Septemba. Aprili na Mei mvua ya pwani ya magharibi hupungua kidogo, na usubi bado haujaamka. Juni mchana ni mrefu ajabu: Edinburgh jua huchomoza kama saa kumi na nusu alfajiri na kuzama karibu saa nne usiku. Desemba mambo ni kinyume, jua linatoka saa mbili na dakika arobaini asubuhi na kuzama saa tisa na dakika arobaini alasiri, kwa hiyo mtakuwa na saa saba tu za kuona kitu. Agosti Edinburgh ina matamasha yake yaliyoanza mwaka 1947; vyumba hujaa na bei hupanda sana. Kama hamwendi kwa ajili ya matamasha, epukeni mji huo mwezi huo.

Vyumba, tiketi na gari

Visa ya Uingereza ndiyo hiyo hiyo ya Uskoti, na hakuna kituo cha mpakani kati yake na England. Kinachohitaji kuwahiwa ni vyumba vya Skye. Kwa Juni hadi Agosti, wekeni nafasi miezi minne hadi sita kabla. Mkiwa marafiki, au ndugu ambao hamlali kitanda kimoja, someni vizuri aina ya chumba: "double" ni kitanda kimoja kikubwa, "twin" ni vitanda viwili. Nyumba ndogo za wageni zina vyumba vinne au vitano tu, na mkifika usiku mkaona kosa hakuna pa kuhamia. Waandikieni wenyeji saa mtakayofika, maana wengi hawana mapokezi ya usiku kucha.

Gari msilichukue siku ya kutua. Edinburgh ya zamani ni mji wa miguu, maegesho yake ni ghali, na tramu inawatoa uwanja wa ndege hadi katikati ya mji kwa muda wa kama nusu saa. Kaeni mjini siku mbili bila gari, kisha rudini uwanja wa ndege kwa tramu mkalichukue huko. Mnaokoa kodi ya siku mbili, na mnaanza safari kwenye barabara pana badala ya vichochoro vya mawe.

Wakati wa kukodi, angalieni mambo haya. Gari la kawaida huko ni la gia za mkono. La otomatiki ni haba, liagizeni mapema. Kampuni nyingi zinataka kadi ya benki yenye jina la dereva mkuu, na dhamana hushikiliwa kwenye kadi hiyo hiyo. Andikisheni wote wawili kama madereva hata kama mmoja hapendi kuendesha. Dereva wa pili hulipiwa kidogo kwa siku, na siku mwenzako akiugua kichwa katikati ya Rannoch Moor, uwanda usio na nyumba, mtaona thamani ya pesa ile. Ulizeni kama bima inagusa matairi, kioo cha mbele na tumbo la gari, kwa sababu hivyo vitatu ndivyo barabara za kaskazini zinavyoumiza, na mara nyingi ndivyo vinavyoachwa nje. Funueni buti mtazame: magari mengi hayana tairi la akiba, yana chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo. Dawa hiyo inaziba tundu la msumari. Ubavu uliochanwa na jiwe haiuwezi.

Chagueni gari dogo. Watu wawili na mabegi mawili hamhitaji zaidi ya hapo, na kila sentimita ya upana mtailipia kwa jasho kwenye barabara za njia moja.

Dereva na utingo wake

Mkiwa wawili garini, anayekaa kando ana kazi. Mpeni cheo cha utingo, na kazi zake zijulikane kabla ya kuwasha injini: ramani, maegesho, mafuta, na kutazama mbele. Mtandao wa simu hukatika mabondeni, hivyo pakueni ramani ya kutumia bila intaneti mkiwa bado na mtandao wa hoteli. Mabadilishano ya usukani yafanyike kila baada ya saa moja na nusu hivi, mahali pa kuegesha panapoeleweka, si pembeni mwa barabara.

Uskoti wanaendesha upande wa kushoto. Vibao vyote ni vya maili, na maili moja ni kilomita 1.6. Kikomo ni maili 60 kwa saa kwenye barabara ya kawaida ya nje ya mji na 70 kwenye barabara yenye ukuta wa kati. Mijini ni 30, na sehemu nyingi sasa ni 20. Kamera za A9 kati ya Dunblane na Inverness hupima wastani wa mwendo wenu kutoka kamera hadi kamera, kwa hiyo kupunguza mwendo mbele ya kamera na kukanyaga baada yake hakusaidii kitu.

Sasa barabara za njia moja, ambazo ndizo zinazowatoa wageni kijasho. Ni lami ya upana wa gari moja, inayobeba magari ya pande zote mbili, na kila baada ya mwendo mfupi pana uvimbe wa lami wenye kibao cheupe kilichoandikwa "Passing Place". Hapo ndipo mnapopishana. Ikiwa sehemu hiyo iko kushoto kwenu, ingieni ndani yake mngoje. Ikiwa iko kulia, msivuke kwenda kulia. Simameni barabarani mkabala nayo, mwacheni anayekuja aingie yeye. Wageni wengi hukosea hapa: wanakatiza kwenda kulia, na mwenyeji anayekuja kwa kasi ya mazoea anawakuta uso kwa uso. Anayepanda mlima hupewa nafasi na anayeshuka. Mkiona gari nyuma limewakaribia, ingieni sehemu ya kupishana mlipishe, kwani huenda ni daktari au mkulima aliye kazini, si mtalii. Inueni mkono kushukuru, kila mara.

Utingo ndiye anayefanya jambo hili liwe jepesi. Macho ya dereva yako kwenye kona inayofuata. Ya utingo yaende mbali zaidi, kwenye kingo za mlima ambako barabara inaonekana tena. Aseme kwa sauti: "Gari jeupe linashuka, nafasi iko kushoto baada ya mti." Dereva anapunguza mwendo mapema, anaingia, magari yanapita bila mtu kukanyaga breki ghafla. Wasipoambizana, matokeo ni kurudi nyuma mita 80 kwenye kona, na hapo ndipo matairi ya kushoto hushuka kwenye ukingo wa lami. Ukingo huo huonekana kama majani mazuri. Chini yake ni tope laini au jiwe lenye makali.

Msiegeshe kamwe kwenye sehemu ya kupishana, hata kwa picha ya dakika moja. Gari moja likikaa hapo, magari kumi hukwama.

Kondoo wana sheria zao. Mwanakondoo akiwa upande mmoja na mama yake upande wa pili, mmoja atakatiza mbele yenu wakati msioutarajia. Simameni mpaka waungane. Kulungu hutoka machweo na alfajiri, na akivuka mmoja, nyuma yake yupo mwingine.

Jazeni mafuta kila tangi likifika nusu. Vituo vya vijijini ni vichache na vingine hufungwa jioni. Mpini wa kijani ni petroli, mweusi ni dizeli. Aliyetia petroli kwenye gari la dizeli asiwashe injini, apige simu kwa kampuni ya gari akiwa hapo hapo kituoni.

Njia yenyewe

Edinburgh, nunueni tiketi ya ngome mtandaoni siku kadhaa kabla, kwa sababu zinauzwa kwa saa maalumu na majira ya joto humalizika. Ingieni asubuhi wanapofungua, au pangeni muwepo saa saba mchana mzinga unapolia. Hulia kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, desturi iliyoanza mwaka 1861 ili meli zilizokuwa kwenye ghuba ya Forth zirekebishe saa zao. Alasiri pandeni Arthur's Seat, mita 251, mabaki ya volkano katikati ya jiji. Muda wa saa moja kupanda kwa mwendo wa kawaida, na viatu viwe vya kushika maana mawe ya kileleni yamesuguliwa na miguu ya watu hadi yanateleza.

Siku ya tatu, chukueni gari mwelekee Stirling, muda wa saa moja. Ngome yake inatazama uwanda ambako Robert Bruce aliwashinda Waingereza huko Bannockburn mwaka 1314. Kutoka hapo pitieni Callander, Crianlarich na Tyndrum hadi Glencoe, kama saa mbili. Jazeni tangi Tyndrum. Baada ya hapo barabara ya A82 inaingia Rannoch Moor, uwanda wa maji na majani ya kahawia usio na nyumba, kisha milima inawafunga pande zote mbili na mko Glencoe.

Bonde hili linastahili asubuhi nzima. Tarehe 13 Februari 1692 askari waliokuwa wamekaribishwa na kulishwa na ukoo wa MacDonald kwa karibu wiki mbili waliwageuka wenyeji wao kabla ya kupambazuka, wakaua zaidi ya watu thelathini. Wengine walikufa kwa baridi wakikimbilia milimani. Maegesho yanayotazama vilele vya Three Sisters hujaa kufikia saa nne asubuhi. Fikeni saa mbili.

Ben Nevis, mita 1,345, ndio mlima mrefu kuliko yote Uingereza, na hauingii kwenye safari ya kutazama mandhari. Kupanda na kushuka huchukua saa saba hadi tisa, na kileleni panaweza kuwa na theluji na ukungu hata chini kukiwa na jua. Mkitaka kimo bila shida hiyo, gari la kebo la Nevis Range linawafikisha mita 650 kwenye mlima jirani. Ulizeni kwanza hali ya upepo, kwani ukizidi hulisimamisha.

Siku ya kwenda Skye ipitisheni Glenfinnan. Ni nusu saa kutoka Fort William, na hapo Charles Edward Stuart aliinua bendera yake tarehe 19 Agosti 1745 kuanzisha uasi wa Wajakobo, waliotaka ukoo wake wa Stuart urudishiwe ufalme. Kando yake pana daraja la reli lenye matao 21, lililojengwa kwa zege tupu lisilo na nondo, kwenye reli iliyofunguliwa mwaka 1901. Mkitaka kuliona garimoshi la mvuke likivuka, chukueni ratiba yake ya kuondoka Fort William, ongezeni kama nusu saa, kisha muwe mmeshaegesha saa moja na nusu kabla. Maegesho hujaa mapema, na kuegesha ukingoni mwa barabara hiyo, A830, kumewaletea wengi faini.

Mallaig, bandari iliyo mwisho wa barabara hiyo, mnapanda feri ya kampuni ya CalMac kwenda Armadale kisiwani Skye. Tiketi ya gari iwekwe mapema, na muwe foleni nusu saa kabla. Bahari ikichafuka feri huahirishwa, hivyo angalieni taarifa zao kabla hamjatoka Fort William. Ikiwa imefutwa, zungukeni kwa Invergarry na A87 hadi daraja la Skye, karibu saa mbili kutoka Fort William. Daraja hilo halina tozo tangu mwisho wa mwaka 2004.

Skye, laleni Portree au karibu nayo. Asubuhi iliyo wazi itumieni kwa Old Man of Storr, nguzo ya mwamba iliyo kilomita 11 kaskazini. Kupanda na kushuka ni muda wa saa moja na nusu hadi mbili, na maegesho ni ya kulipia. Endeleeni kaskazini hadi miamba ya Quiraing mkamalizie mzunguko wa rasi ya Trotternish jioni. Siku ya wingu zito ni ya Fairy Pools, vidimbwi vya maji ya kijani chini ya milima ya Cuillin, maana maji hayahitaji kilele. Lakini mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, vijito vya huko hufurika. Mkiona maji yamefunika njia, geukeni.

Siku ya kutoka Skye, simameni Eilean Donan. Ngome hiyo ililipuliwa mwaka 1719, ikakaa gofu miaka karibu mia mbili, na mnayoiona leo ilikamilika kujengwa upya mwaka 1932. Mwendo wa saa moja na kitu zaidi mko kwenye ngome ya Urquhart, ukingoni mwa ziwa la Loch Ness. Nayo ililipuliwa na walinzi wake wenyewe mwaka 1692 ili isichukuliwe na Wajakobo. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 36 hivi na kina cha zaidi ya mita 220. Pasi ya Explorer, tiketi moja ya sehemu nyingi, inafungua ngome za Edinburgh, Stirling na Urquhart kwa bei moja; haiingizi Eilean Donan, wala uwanja wa vita wa Culloden, ambazo ziko chini ya wamiliki wengine.

Culloden ni dakika kumi na tano kutoka Inverness, na kwa mliopita Glenfinnan ndio mwisho wa kisa kile: tarehe 16 Aprili 1746, kwa muda usiofika saa moja, jeshi la Stuart lilivunjwa. Tembeeni kimya. Mawe yenye majina ya koo ni makaburi.

Usubi, mvua na sahani

Usubi wa Uskoti ni mdogo kuliko kichwa cha pini na huja kwa mawingu kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Septemba, zaidi alfajiri na magharibi, siku tulivu zenye unyevu. Hauwezi kuruka kukiwa na upepo wa kilomita 11 kwa saa, kwa hiyo kaeni palipo na upepo na msile nje kando ya maji yaliyotulia. Nunueni dawa ya kupaka huko huko, na wavu wa kichwa. Bei yake ni ndogo na mtaushukuru. Kupe nao hukaa kwenye majani marefu na kangaga, na wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Kila jioni kaguaneni nyuma ya magoti, kiunoni na shingoni. Kupe hung'olewa kwa kibanio chake, karibu na ngozi kabisa, bila kumkamua tumbo.

Mavazi ni tabaka tatu: fulana nyepesi isiyo ya pamba, sweta la manyoya, koti la mvua lenye kofia. Jinzi ikilowa haikauki mpaka kesho. Mwavuli uacheni nyumbani. Upepo wa Skye hauupi dakika tano.

Majiko ya vijijini hufungwa saa mbili na nusu au saa tatu usiku, na hapo hakuna kubembeleza. Wekeni meza mapema, na muwe na mkate, jibini na matunda garini. Haggis ni nyama za ndani za kondoo zilizochanganywa na nafaka ya oti (oats) na viungo vikali. Kwa asiyekula nyama, au anayefuata halali, ipo ya mboga karibu kila mahali. Cullen skink, mchuzi mzito wa samaki wa kukaushwa kwa moshi na viazi, huwapasha joto walionyeshewa kuliko kitu kingine chochote. Mkitembelea kiwanda cha wiski, jueni kwamba kikomo cha pombe kwa dereva Uskoti ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu tangu Desemba 2014, pungufu ya kile cha England. Anayeendesha asionje, viwanda vingi humpa kichupa chake akanywe usiku.

Kadi inapokelewa karibu kila mahali, ila bakini na sarafu kwa mashine za maegesho. Noti mtakazorudishiwa hutolewa na benki tatu za Uskoti, na thamani yake ni sawa kabisa na za London. Tatizo ni kuzitumia kwingine: maduka mengine ya England huzikataa, na ng'ambo ni vigumu kupata wa kuzibadilisha. Siku ya mwisho, mkijaza mafuta kabla ya kurudisha gari, lipeni kwa hizo zote zilizobaki.